Risasi Chini ya Makubadhi

Kila mwaka, mwezi wa Shabani ukikaribia kwisha, mjane wa mwenzangu hunipigia simu kutoka Kikoneni. Haulizi habari za mkono wangu wala habari za mvua. Tukishasalimiana hutoa neno moja tu.

"Amesema?"

"Bado, shemeji."

Hukata simu. Hanikasirikii mimi, najua, lakini mwenye kustahili hasira zake hapokei.

Anayetakiwa kusema ni mtu aliyekuwa fundi mkuu wa hoteli tuliyofanya kazi kule Diani. Na linalotakiwa kusemwa si refu. Aseme kwamba siku boila ilipopasuka, mume wa huyu mama hakuwa amelala. Aseme vali ya usalama ilitundikwa uzito wa risasi, na aliyeitundika ni yeye. Hoteli ilitangaza kwamba mtu wa boila alisinzia kazini maji yakakauka, na neno hilo likapanda mlima likafika Kikoneni kabla ya jeneza. Tangu hapo yeye ni mke wa mlalaji. Mtoto wake akichelewa shuleni aliambiwa usingizi kwao ni wa ukoo. Hata kwenye hitima ya marehemu mwenyewe, mtu mmoja alipiga miayo, wengine wakacheka.

Mimi nilikuwako. Niliungua na nikabaki. Nimesema mpaka koo limekauka, na kila ninapomwambia mtu huniangalia mkono kisha shingo, akaniambia pole, mshukuru Mungu. Yaani hasadiki. Ndiyo maana anatakiwa fundi.

Lakini habari hii haianzii kwenye boila. Inaanzia kwenye mchezo.

Mimi nilikuwa dobi. Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na uchochoro wenye kivuli, na hapo tulikuwa tukikutana watu watatu kazi ikipungua: mimi, fundi, na marehemu aliyekuwa akiangalia boila. Mwaka mmoja alikuja mgeni wa Kimarekani, mzee, peke yake, na mzigo wake mkubwa haukuwa nguo. Ulikuwa meza ya bati, urefu wake kama mlango wa kabati, imechorwa uwanja wa mpira, na chini yake pana kidude cha umeme. Ukiwasha, bati zima linatetemeka, na wachezaji wa plastiki wa ukubwa wa kidole gumba wanaanza kwenda wenyewe. Hakuna wa kuwagusa. Kazi yako yote umekwisha kuifanya kabla ya kuwasha, na baada ya hapo ni kutazama tu na kujilaumu.

Yule mzee nilikuwa nikimpelekea mashati yake chumbani, namkuta ameinama juu ya bati anacheza na nafsi yake. Siku ya kuondoka mzigo wake ulizidi kilo, akachagua mashati akaniachia uwanja, pamoja na mkebe uliojaa wachezaji.

Umeme wa kwao ni mdogo kuliko wetu. Tungeuchomeka vivi hivi ungeungua siku hiyo hiyo. Fundi ndiye aliyefungua redio mbovu ya baa akatutengenezea transfoma ya kuupunguza. Haki yake nampa. Alikuwa na mikono mizuri, na kama angekuwa hana ningesema nini leo? Ningesema hakujua. Alijua.

Mpira wao ule wa kushikwa mikononi na kuangushana hatukuuelewa, tukaufanya wetu. Magoli tulishona kwa wavu wa gunia la vitunguu, mpira tukakata kipande cha sponji ya jikoni. Na kile kibao cha plastiki ambacho kila mchezaji husimama juu yake, tulikiita kubadhi, maana kilikaa mguuni kama makubadhi ya mzee anayekwenda msikitini.

Siri yote ya mchezo imo kwenye makubadhi. Chini yake mna vijimeno vyembamba vilivyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Bati likitetemeka, vijimeno ndivyo vinavyosukuma. Ila hakuna makubadhi mawili yanayokwenda sawa. Liko linalonyooka, liko linalokata kushoto kama limeitwa, liko linalojizungusha palepale kama kuku aliyefungwa kamba. Mchezaji ni sura tu. Ukimpa kubadhi baya, hata umpake rangi ya timu ya taifa, atakwenda kuligonga goli lake mwenyewe.

Marehemu ndiye aliyejua kuchagua. Alikuwa akiwavua wachezaji wote, anamwaga makubadhi matupu juu ya bati, anawasha, kisha anachuchumaa. Hasemi. Mimi ningekwenda nikaanika shuka, nikarudi, yeye yuko vilevile, macho hayapepesi. Akimaliza anayatenga. Yaliyonyooka aliyaweka ya kushambulia. Yaliyokata kona aliyaweka pembeni ili yarudi kati. Yale ya kujizungusha, ambayo mimi ningeyatupa, aliyaweka mbele ya goli.

"Hili lizungukalo ni askari," aliniambia. "Askari hapewi safari. Apewa mlango."

Kubadhi lililopinda vijimeno alilichovya kwenye kikombe cha maji ya moto aliyoyakinga kwenye bomba la boila, akaunyoosha ujino mmoja mmoja kwa kibano, akaushikilia mpaka upoe. Sasa niambie, huyo ndiye mtu wa kusinzia mbele ya geji ya boila? Mtu aliyeweza kutazama kipande cha plastiki kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa?

Baada ya kuchagua hufuata uzito. Mchezaji mwepesi huruka-ruka akaanguka. Akitiwa uzito kidogo juu ya kubadhi, vijimeno vinashika bati, anakwenda na nguvu na akikutana na mwenzake hasukumwi. Uzito wetu ulikuwa risasi, hii hii ya wavuvi wanayofunga kwenye mshipi ili ndoana izame. Tulikuwa tukiikata kwa kisu na kuigandisha kwa nta ya mshumaa. Ila iwe kidogo, na ijulikane inakaa wapi. Nyuma kidogo, atasukuma. Mbele, atainamisha kichwa na kusita. Ukizidisha, vijimeno vinalala kabisa na mchezaji anasimama, bati linalia chini yake naye hana habari.

Fundi hakuwa na subira ya kuchagua. Yeye dawa yake ilikuwa moja. Mchezaji wake akipepesuka utamsikia:

"Mtie risasi huyo."

"Nimemtia," nitamwambia.

"Muongeze."

"Fundi," marehemu alimwambia siku moja, "wewe hata mtoto akilia usiku utamtia risasi."

"Mtoto akilia nampa bibi yake."

"Na bibi akilia?"

"Huyo ndiye wa risasi!" Tulicheka mpaka msimamizi wa londri akachungulia dirishani.

Lakini marehemu hakucheka sana. Alimchukua yule mchezaji wa fundi, aliyekuwa amebeba risasi mpaka mabegani, akamweka katikati ya bati akawasha. Hakwenda popote.

"Waona? Mzigo haumfundishi mtu njia. Umemnyamazisha tu, nawe wadhani ameongoka."

"Na kunyamaza ndiko nitakako," fundi akasema. "Akinyamaza huyu nitashughulika na mwingine."

Yalikuwa maneno ya mchezo. Nayakumbuka kwa sababu ya yaliyokuja.

Mwenye hoteli, kwa tamaa yake, alijenga vyumba vipya karibu mno na nyumba ya boila. Sitalificha jambo hili: wa kwanza kulaumiwa ni yeye, na hajawahi kulaumiwa na mtu, alikuja hitimani na gari jeupe akaondoka kabla ya dua. Boila yetu ilikuwa ya zamani. Vali yake ya usalama ilikuwa na mkono wa chuma wenye uzito wake wa kiwandani mwishoni. Mvuke ukizidi unauinua mkono, unatoka nje kwa kishindo, ukipungua mkono unarudi. Na ulikuwa ukizidi kila alfajiri, kwa sababu swichi ya kuuzima moto wa boila ilikuwa imekufa. Marehemu aliomba mpya. Aliyekuwa mnunuzi wa vifaa vya hoteli alisema mwezi ujao, na ukaja mwezi ujao akasema mwezi ujao. Huyo naye nimemweka kwenye hesabu yangu.

Wageni wa vyumba vipya wakalalamika. Wamelipa kuja kusikiliza bahari, wanaamshwa na vali. Meneja, kijana wa suti aliyeletwa kutoka Nairobi, akaja uchochoroni. Hakutusalimu. Alimwambia fundi, "Sitaki kuisikia tena hiyo kitu. Fanya vile utafanya."

Na fundi alifanya alivyozoea. Mkono wa vali ulikuwa ukitikisika na kurukaruka kama mchezaji mwepesi juu ya bati. Nilimwona akiutazama huku ameweka mikono kiunoni, uso uleule wa mchezo. Akaenda stoo ya wapiga mbizi, akachukua risasi moja ya mkanda wao, lile tofali dogo lenye nafasi mbili za kupitisha ukanda, akalitundika kwenye mkono wa vali kwa waya. Vali ikanyamaza. Akapangusa mikono.

"Basi," akasema. "Imelala kama mtoto."

Marehemu akaitoa. Fundi akairudisha. Akaitoa tena. Ilipowekwa mara nyingine ilikuwa imesokotwa kwa koleo, waya umeingia ndani ya risasi. Marehemu akavaa shati safi akaenda kwa meneja. Aliporudi hakuketi nasi.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Kasema mimi kazi yangu ni kutia mafuta, nisijifanye injinia."

Asubuhi ya siku boila ilipopasuka nilikuwa nimebeba shuka nakatiza mbele ya mlango wa boila. Marehemu alikuwa juu ya ngazi ndogo, koleo mkononi, anausokotoa waya. Macho yake yalikuwa kwenye geji. Bila kunigeukia aliniambia, "Dobi, rudi nyuma." Nikarudi, maana sauti ile haikuwa ya kuuliza kwa nini. Kilichobaki mbele ni mkono wangu wa kulia na upande huu wa shingo.

Nilipozinduka hospitalini, habari ilikuwa imekwisha kutungwa. Alisinzia. Wa kwanza kuniletea ni meneja mwenyewe, na matunda. Nikamwambia, "Hakulala, alikuwa juu ya ngazi." Akaniambia nimepata mshtuko, nipumzike. Afisa aliyekuja kuchunguza alipewa chakula cha mchana kwenye mkahawa wa wageni. Na fundi aliulizwa, mbele yangu, kando ya kitanda changu. Akasema, "Mimi sikuwepo." Ni kweli hakuwepo. Hilo tu ndilo alilolisema mpaka hoteli ikafungwa.

Mtunza bustani ndiye aliyeniletea ile risasi. Aliikuta ndani ya ua wa miti ya bougainvillea, akaifunga kwa taulo la hoteli, akaniwekea chini ya mto akaondoka bila neno. Alama ya waya ilikuwa imeng'atwa wazi usoni mwa risasi, juu ya nambari ya kilo. Nilimwonyesha afisa. Akaipima mkononi akanirudishia.

"Hii ni risasi, mzee. Pwani yote imejaa risasi."

Nikarudi nyumbani Msambweni na vitu viwili, uwanja wa bati na tofali la risasi. Vidole vyangu vitatu vya kulia vimeshikana, havifunguki. Nilijifunza kushika kibano kwa kushoto. Nilipoanza kupanga timu tena, sikununua risasi ya wavuvi. Nilichukua msumeno nikaanza kulikata lile tofali. Mke wangu akaniambia hiyo si ya kuchezea, iweke, iko siku itahitajika. Nikamwambia ilihitajika na siku ikapita. Kipande kidogo kwa huyu, kipande kwa yule. Timu yangu yote inatembea juu ya risasi ile. Nilikata kwa hasira, sikatai, na kila nilipoigandisha kwa nta nilimtaja mtu: hii ya mwenye hoteli, hii ya mnunuzi, hii ya meneja, hii ya afisa aliyekula chakula cha bure.

Kilichobaki kilikuwa uso wa tofali, bapa, wenye nambari na alama ya waya. Huo niliuweka kwa kipa, mzimamzima, chini ya tumbo la kubadhi lake. Kipa hatakiwi kwenda popote. Atetemeke, asisogee.

Mchezo ukapata watu. Hapa barazani pangu jioni huwa pana wauza pweza, watu wa pikipiki, hata ustadhi wa chuo hupitia, husema ni upuuzi kisha huuliza nani anaongoza. Na Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, siku ya kuvunja jungu, watu wakishakula na kushiba, hucheza fainali.

Fundi naye hakuwa mbali, ana kibanda cha kutengeneza televisheni pale Ukunda. Kila Shabani alinitumia ujumbe kwa simu. Picha ya mwezi na taa, na maneno mazuri: kwa niaba yangu na ya familia yangu, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe tuingie mwezi mtukufu na nyoyo safi. Juu yake simu iliandika kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Yaani hata radhi yake ilikuwa imeombwa na mtu mwingine, yeye akaisukuma tu. Sikujibu hata mmoja.

Mwaka huu alikuja mwenyewe. Ilikuwa siku hiyo ya kuvunja jungu, baada ya alasiri, fainali iko mapumziko. Nilimwona anashuka kwenye pikipiki, amekonda, kanzu imekuwa kubwa.

"Asalaam aleikum, wenyewe."

"Waaleikum salaam," watu wakaitika. Mimi niliitika pia. Salamu ni deni la Mungu, si lake.

"Ndugu yangu," akaniambia, "nimekuja kwa miguu yangu, si kwa simu. Ramadhani ndiyo hiyo. Kama kuna mahali nilikukosea..."

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Bado wakumbuka kucheza?"

Akatabasamu. Ule uwanja aliutazama kama mtu aliyekutana na mtoto wa marehemu ndugu yake. Akaitafuta transfoma kwa macho, akaiona ileile, akaigusa. "Bado yafanya kazi?"

"Yafanya. Wewe uliitengeneza vizuri."

Muuza pweza mmoja, mtu wa maneno, akasema, "Kumbe huyu ndiye fundi wako? Karibu, mzee. Lakini hapa twacheza, hatutengenezi. Ukifungwa usiseme umeme ulikuwa mdogo."

"Nilikuwa nikimfunga huyu Dobi kila siku," fundi akajibu. "Muulize."

"Kwa risasi," nikasema.

"Kwa risasi, ndiyo! Mchezo ni uzito." Wakacheka. Akanyoosha mkono kuchagua wachezaji, na nilijua atafanya nini, maana mtu habadilishi mkono wake. Hakuangalia vijimeno. Aliwapima mmoja mmoja kiganjani akitafuta aliye mzito. Akamfikia kipa wangu.

"Lo! Huyu umemlisha nini?" Akampindua.

Mtu wa pikipiki alikuwa amekwisha kuwasha. Bati likawa linalia, wachezaji wanakwenda, mpira umebaki pembeni na hakuna anayeutazama. Fundi alikuwa amemshika yule kipa karibu na macho. Kidole chake gumba kikapita juu ya ile alama ya waya, kikarudi, kikapita tena.

"Umeitoa wapi hii?"

"Uani."

"Ua gani?"

"Wajua ua gani."

"Zima hiyo kitu, wewe," muuza pweza akamwambia mtu wa pikipiki. Bati likanyamaza.

Fundi aliketi. Hakumwachilia kipa. "Dobi, mimi niliamrishwa."

"Najua uliamrishwa. Aliyekuamrisha namjua, na mnunuzi namjua, na mwenye hoteli namjua. Hao wana zamu yao kwa Mungu. Mimi nakuuliza mkono wako."

"Nilikuwa na watoto shuleni. Ningesema ningefukuzwa."

"Na yeye alikuwa na nani? Kuku?"

Akainamisha kichwa. Kisha, kwa sauti ya chini mno, akasema, "Niliitundika mimi."

"Ulitundika nini, mzee?" mtu wa pikipiki akauliza. Alikuwa bado mtoto mchanga wakati huo.

Nilisubiri neno hilo miaka yote nikidhani nikilisikia nitalia, au nitampiga. Sikufanya lolote. Nikamwambia, "Si hapa. Hapa hakuna mtu aliyeitwa mlalaji. Inuka."

"Sasa hivi?"

"Wataka uingie mfungo na nyoyo safi, si ndivyo ulivyoandika?"

Tulipanda mshikaki, mtu wa pikipiki mbele, fundi kati, mimi nyuma nikishikilia kwa mkono mzima. Kipa nilimtia mfukoni. Tukapanda mpaka Kikoneni.

Mjane alikuwa uani amekalia mbuzi anakuna nazi. Alipotuona hakusimama. Alimtazama fundi, akanitazama mimi, akaendelea kukuna. Shemeji yake, kaka wa marehemu, alikuwa kando anapasua kuni.

"Hodi, dada," fundi akasema.

"Karibuni."

"Dada yangu, nimekuja kwa ajili ya Ramadhani. Miaka ni mingi. Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua..."

Mkono wa mjane ukasimama juu ya mbuzi.

"Kama?"

Fundi akavuta mkono wa kanzu yake.

"Wewe umetoka Ukunda na pikipiki, umefika huku juu, na bado hujui kama? Basi rudi ukajue, kisha uje."

Nikamtoa kipa mfukoni nikamweka juu ya kifuu cha nazi, tumbo juu. Mjane hakujua ni nini. Fundi alijua. Akakaa chini, mchangani, kanzu yake na yote.

"Mumeo hakulala," akasema. "Vali niliifunga mimi. Niliitundika risasi ili inyamaze, akaitoa, nikairudisha. Mara ya mwisho niliisokota kwa koleo ili asiweze. Alikuwa akiifungua ilipopasuka. Nilijua siku hiyo hiyo. Walipouliza, nilisema sikuwepo."

Kaka wa marehemu aliacha shoka kwenye gogo. Mjane hakulia. Nilidhani atalia na nilikuwa nimejiandaa kutazama kwingine.

"Sema tena," akamwambia. "Shemeji hakusikia vizuri, alikuwa akipasua."

Akasema tena.

"Sasa nipe radhi, dada," akamalizia.

Yule mama akasimama, akapangusa mikono kwenye kanga. "Hapa kwetu watu wakiomba radhi za mfungo huzunguka nyumba hadi nyumba. Si ndivyo na huko kwenu?"

"Ndivyo."

"Basi twende. Hili neno la mlalaji halikukaa nyumbani kwangu tu. Limelala nyumba zote hizi, likala na likanywa. Utalitoa moja moja. Ukimaliza ndipo tutazungumza habari ya radhi."

Wakatoka, yeye mbele, fundi nyuma, kaka wa marehemu nyuma yao kama mtu anayechunga mbuzi asiingie shambani. Mimi nilibaki uani na nazi iliyokunwa nusu. Nilikuwa nikiwasikia. Hodi. Karibu. Kisha sauti ya fundi, kisha sauti za watu. Nyumba ya kwanza watu walilitaja jina la Mungu. Nyumba ya pili, kwa yule yule mzee aliyepiga miayo hitimani, nilimsikia wazi akisema, "Haa, sisi jambo hilo tulishalisahau! Na wala hatukuwahi kusema hivyo." Na mjane akamjibu, hakupandisha sauti, "Mlisema, mzee. Msikilize tu." Na fundi akaanza upya: mumewe hakulala.

Walizunguka mpaka magharibi ikakaribia. Aliporudi sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki kama ya mtu mwenye mafua. Mjane alimpa maji kwenye kikombe cha bati. Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia, "Kunywa," kisha akamrudia mbuzi wake na nazi yake, akakuna kwa haraka kama aliyechelewa.

Njiani kushuka, mtu wa pikipiki akiwa amepunguza mwendo kwa ajili ya mawe, fundi aligeuza shingo.

"Na wewe, Dobi? Umeniwia radhi?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Mwezi unaingia, na mtu kazunguka kijiji kizima na kanzu yenye mchanga. Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala juu ya bega lake, na vidole havikufunguka.

"Mimi bado," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa akatazama mbele. Tulipofika barazani tulikuta watu wanangoja, fainali haijaisha. Muuza pweza akauliza kipa yuko wapi. Nikajipapasa mfukoni, nikakumbuka nimemwacha Kikoneni juu ya kifuu.

Simu ikalia kabla sijaamua la kufanya. Ilikuwa namba ya mjane. Nilidhani atasema juu ya kipa, au juu ya radhi. Tukasalimiana.

"Huyo meneja," akaniuliza, "siku hizi anakaa wapi?"